Kwa Nini Mkunga Alifunikwa kwa Mawe

Mmeliona rundo la mawe lililo katikati ya uwanda wa juu, pale pasipo mti wala kichaka, ila majani na upepo. Mmeuliza nani alilijenga, na kwa nini mama zenu wakipita pale huweka jiwe wakiwa wameinamisha nyuso, hawasemi neno mpaka waliache mbali. Nitawaambia. Lakini nikianza, mtu asinikate kauli. Habari hii si tamu, na mkinikatisha sitakuwa na hamu ya kuirudia.

Kwanza uongo utoke vichwani mwenu. Wapo wanaosema rundo lile lilijengwa na majitu ya kale. Majitu gani? Jitu lina haja gani na vijiwe vinavyoenea mikononi mwa mtu? Wapo pia watu wa hapa kwetu Iyumbe ambao wakifika penye aibu husema waliokosa ni wa Lugana. Wa Lugana nao hukisimulia kisa hiki hiki, wakageuza majina tu. Mimi ni wa Iyumbe, na nasema tulikosa. Lugana nao walikosa. Anayetaka kusikia vingine aende kwa mwenye ulimi laini.

Basi, ulikuwako wakati ambapo pale juu palikuwa patupu kabisa. Rundo halikuwapo, wala njia haikuwapo, ila vijia vya kondoo. Iyumbe ilikaa bondeni upande wa machweo, kama inavyokaa leo, na Lugana bondeni upande wa macheo. Kati yao ndio uwanda, na uwanda ulikuwa malisho. Watu wa pande zote mbili walilisha mifugo yao pale, wakioana, wakizikana, na siku za kugema ulanzi, pombe ya mianzi, wakialikana mpaka vibuyu vikauke. Mtoto wa Iyumbe aliweza kulala Lugana siku nyingi na mama yake asiulize.

Ikaja miaka ya ukame, malisho yakapungua, na maneno yakaongezeka. Kondoo wa huyu walikula pa yule. Mbwa wa yule aliuma ndama wa huyu. Vijana wakaanza kushikana mashati, au tuseme ngozi, maana wakati ule walivaa ngozi. Mwisho wazee walimwita mwamuzi kutoka nchi ya mbali, mtu asiye na shemeji upande wowote. Mwamuzi yule alisikiliza pande zote mbili akachoka. Akasema: kesi itaamuliwa mvua zitakaporudi. Mpaka hapo, uwanda ukae mtupu. Na yeyote atakayetangulia kutia mguu juu ya uwanda, upande wake umeshindwa.

Wote waliapa. Walipiga mikono chini, wakala kiapo, wakarudi makwao. Walifurahi, maana kila upande uliona kwamba wa ng'ambo ndio wenye papara, na hawatavumilia mpaka mvua. Hakuna aliyefikiria kuuliza, je, ikitokea haja? Mtu mwenye kesi kichwani haulizi maswali ya namna hiyo.

Mtu mmoja tu aliachiwa njia, naye alikuwa mkunga. Kwa desturi ya zamani mkunga hana mpaka. Hata vitani alipita na mikuki ikainuliwa juu. Jina lake Sekalinga. Alizaliwa Lugana, akaolewa Iyumbe, mume akafa mapema, na yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Lakini hapakuwa na mtu chini ya umri wa uzee, huku wala kule, ambaye hakupokewa na mikono yake miwili. Alikuwa mama mwenye mzaha. Akikutana na kijana anayejitapa mbele ya wasichana, humwambia, "Wewe usinitishe, nilikuona ukija duniani kwa makalio." Kijana hunywea, na wasichana hucheka mpaka wakaketi chini.

Siku moja ya kipupwe, baridi ikiwa imeshika mifupa, ilikuja habari kutoka Lugana. Moto uliwashwa kwenye ukingo wao, moshi wake ukawa mwembamba mweupe, na kila mtu alijua maana ya moshi ule: mkunga anatakiwa. Aliyekuwa na uchungu ni mwanamke kijana, Semsigwa, mke wa Luvanda, na uchungu wake ulikuwa umezidi muda. Sekalinga alichukua ngozi yake ya kondoo na mkoba wa dawa, akaupanda uwanda peke yake. Alimkuta Semsigwa amekwisha kukata tamaa. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga alifanya kazi mpaka jasho likamtoka katika baridi ile, akamgeuza, akamtoa salama. Akala viazi vilivyochomwa, akamcheka Luvanda aliyekuwa anatetemeka mlangoni kuliko mzazi mwenyewe, akaaga. Walimsihi alale. Alikataa, akasema Iyumbe kuna mwingine ambaye tumbo lake limeshuka.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katikati ya uwanda kuna mashimo ya fuko, na majani marefu huyaficha. Sekalinga alitumbukiza mguu, akaanguka, na mfupa ukavunjika chini ya goti. Jua lilikuwa bado juu kidogo. Alijaribu kusimama akashindwa. Basi akafanya ambalo mtu yeyote angefanya. Aliita.

Pale katikati ni pembamba, na hewa ya juu hubeba sauti. Walimsikia Iyumbe, na walimsikia Lugana. Wanaume wa pande zote mbili walipanda mbio mpaka kwenye kingo za uwanda, wakamwona. Alikuwa kama kondoo mweusi amelala katika majani. Yeye naye aliwaona, akacheka kwa maumivu. Akasema kwa sauti kubwa waje polepole, yeye si mwepesi kubebwa, wasije wakavunjika migongo kwa haraka.

Hawakuja.

Hapa ndipo ninapoona aibu, lakini nitasema. Upande wetu aliongoza Ng'umbi, mdogo wa marehemu mume wa Sekalinga. Alinyoosha mkono kuwazuia vijana. Hakusema mkunga aachwe. Hapana, alisema maneno yenye akili. Alisema Sekalinga ametoka kuwasaidia wao, amekula kwao leo, ni mgeni wao mpaka afike kwake. Basi wambebe wao. Tena wakitia mguu wao, kesi imekwisha na uwanda ni wetu. Tungoje kidogo tu. Huruma itawashinda.

Upande wa Lugana aliongoza Mgongolwa, mtoto wa baba mdogo wa Sekalinga, yaani kaka yake kwa ukoo. Naye alikuwa na akili zake. Alisema mkunga ameshaaga, amevuka nusu, uso wake umeelekea Iyumbe, na kule ndiko alikoolewa. Mke hubebwa na walioposa. Wakimfuata, uwanda ni wetu. Tungoje kidogo.

Basi wakangoja. Wanaume wazima wenye miguu mizima, safu mbili zikitazamana, na mtu mmoja chini katikati. Kila upande ulikuwa unatazama miguu ya upande wa pili. Hawakumtazama yeye. Wanawake walipotaka kupita walirudishwa. Ng'umbi aliwaambia mguu ni mguu, mwamuzi hakusema mguu wa nani.

Sekalinga alipoona kimya, alianza kuwaita kwa majina. Aliyajua yote, maana alikuwapo yalipotolewa. "Ng'umbi, shemeji, watoto wote waliomo nyumbani mwako nimekupokelea mimi. Leo miguu yako imepatwa na nini?" Ng'umbi alijifanya kukaza ngozi yake begani. Sekalinga akamgeukia Mgongolwa akamkumbusha walivyolelewa katika ua mmoja na kugawana kiazi kimoja. Mgongolwa aliangalia mawingu. Aliwaita vijana mmoja mmoja, wa huku na wa kule, na kila aliyeitwa alitazama chini kana kwamba ameangusha kitu. Wengine waliwaangalia wazee wao. Wazee walitikisa vichwa, maana wale wa ng'ambo walionekana wanataka kusogea. Na wale wa ng'ambo waliona vivyo hivyo juu yetu.

Mwisho alimwita Luvanda, yule ambaye mkewe alikuwa bado amelala juu ya majani makavu ya uzazi. Luvanda alipiga hatua. Mgongolwa alimshika mkono. Hakumshika kwa nguvu. Luvanda angetaka angejinasua; mkono wa mzee si pingu. Hakujinasua.

Kisha ukungu ulishuka kama unavyoshuka siku zote za kipupwe, ukaziba kila kitu. Sauti iliendelea ndani ya ukungu kwa muda. Kila upande ulitega sikio, na kila upande ulijiambia: sasa ukungu umewaficha, bila shaka wamekwenda kumchukua. Sauti ilipokatika, walisema, mnaona, wamemchukua. Wakashuka, wakala, wakalala. Ndiyo, walilala.

Kulipopambazuka jalidi ilikuwa imeyafanya majani meupe. Kutoka Iyumbe mtu alichungulia, kutoka Lugana mtu alichungulia, na wote waliona kitu cheusi kiko palepale.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kuna aibu, halafu kuna aibu ya pili iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Kwa sheria ya wazee wetu, mwenye kaburi ndiye mwenye ardhi. Ukimzika mtu wako mahali, mahali hapo ni pako, na hakuna mwamuzi wa kukutoa. Sheria hii ilikuwa kongwe kuliko kiapo. Jana, aliyetia mguu kwanza alikuwa ameshindwa. Leo, atakayechimba kwanza ameshinda.

Walikimbia. Wale wale walioshindwa kutembea jana walikimbia na majembe mabegani, wazee kwa vijana, wakiteleza kwenye jalidi. Walifika karibu pamoja. Na walipofika waliona kitu kingine. Majani yalikuwa yamelala mistari miwili. Mkunga alikuwa amejikokota kuelekea Iyumbe, akachoka au akakata tamaa. Kisha aligeuka akajikokota kuelekea Lugana, nako hakufika. Alikuwa amerudi mahali alipoangukia. Mistari ilikuwa wazi, hata mtoto angeisoma.

Mngedhani wangeketi chini walie. Walianza kubishana. Ng'umbi alisema huyu ni mke wetu, tulimtolea ng'ombe, ng'ombe wenyewe mliwala ninyi. Mgongolwa alijibu kwamba damu hainunuliwi kwa ng'ombe, huyu ni binti yetu. Ng'umbi alimuuliza binti yenu jana alikuwa nani. Mgongolwa alimuuliza mke wenu jana alikuwa nani. Walisemana ukweli, kila mmoja ukweli wa mwenzake, na hakuna aliyesikia wa kwake. Wengine walimshika mkunga mikono, wengine miguu, wakamvutavuta. Mikono ile. Sitalieleza hilo zaidi.

Huku wakivutana, mwanamke alikuwa anapanda kutoka Lugana. Ni Semsigwa. Kwa desturi mzazi hatoki ndani mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Akitoka mapema watu husema amejitakia kifo chake na cha mwanawe. Alitoka. Jioni ile, akiwa amelala na mwanawe kifuani, alikuwa ameisikia sauti ikiita majina, na alilisikia jina la mumewe. Luvanda aliporudi alimuuliza kama mkunga amefika, naye akasema wamemchukua wa Iyumbe. Asubuhi aliposikia majembe yakigongana mlangoni, alielewa. Akamfunga mtoto mbelekoni, akawafuata polepole, akishikilia tumbo.

Wanaume walipomwona waliacha kuvutana, maana mzazi wa jana kuonekana juu ya uwanda lilikuwa jambo la kutisha. Hakuwatazama. Alimtazama Sekalinga muda mrefu, akamfunika uso kwa ncha ya ngozi. Kisha aliifungua mbeleko, akamlaza mtoto chini, juu ya majani yenye jalidi, palepale Ng'umbi alipokuwa ameinua jembe. Mtoto alilia.

"Chimbeni," alisema. "Anayeitaka ardhi hii aanze hapa."

Jembe la Ng'umbi lilibaki hewani, kisha likashuka taratibu pembeni mwake. Mgongolwa alimwambia kwa upole, mwanangu, mwinue mtoto, atakufa kwa baridi. Semsigwa alimjibu kwamba baridi hiyo wanaijua, jana waliiacha ifanye kazi. Luvanda alisogea amwinue mwanawe. Mkewe alimwambia asimguse.

Ng'umbi alikuwa mtu mgumu, lakini sauti ilimtoka ndogo. Aliuliza, "Sasa tutamzika vipi bila kuchimba?"

"Hamtamzika," alisema Semsigwa. "Kuzika ni kazi ya wenyewe. Jana mlisema si wenu, nyote, na leo si wenu. Jembe lisiguse hapa. Yeye jana hamkuweza kumbeba. Basi bebeni mawe, mumfunike fisi wasimle."

Ndipo akamwinua mtoto akamtia kifuani, akaketi kando ya mkunga. Alikaa hapo mpaka kazi ikaisha. Wanawake wa pande zote mbili walipanda wakaketi naye, wakamzungushia ngozi.

Sasa, ninyi mnajua kwamba juu kule hakuna hata jiwe. Mawe yako mitoni, chini kabisa. Mto wetu una mawe meusi, mto wa Lugana una mawe meupe kama mtama uliokobolewa. Wanaume walishuka wakayachukua, wakapanda nayo. Mmoja alilitia jiwe begani. Mwanamke mmoja mzee alimwambia alishushe alibebe kwa mikono miwili mbele, kama alivyobebwa yeye alipozaliwa. Kuanzia hapo wote walibeba hivyo. Mgongolwa alitaka kijana ambebee lake kwa sababu ya uzee. Wanawake walimtazama tu, akashuka mwenyewe. Njiani waliporudi mikono mitupu walipishana na wenye mawe, na hakuna aliyemsalimu mwenzake. Wangesalimianaje? Kusalimu ni kuulizana habari, na habari waliijua.

Hata hapo bado wapo waliojaribu werevu. Mawe yetu meusi yalianza kupangwa upande wa machweo, ili siku moja ionekane nusu ni yetu. Wanawake hawakugombana nao. Waliinuka, wakayachanganya, meusi na meupe, mpaka hakuna awezaye kusema upande wa nani uko wapi. Ndivyo yalivyo hadi leo; nendeni mkaangalie.

Mvua ziliporudi mwamuzi alikuja kusikiliza kesi. Alikuta rundo, akauliza. Walimweleza, maana mtu akiwa na aibu ya kweli hana nguvu ya kubuni. Aliuliza nani alitangulia kutia mguu. Wakasema, sote, asubuhi moja. Akasema basi nyote mmeshindwa. Hakunywa hata maji ya mtu. Alichukua fimbo yake akaenda, na hakuitwa tena.

Na tangu siku hiyo uwanda hauna mwenyewe. Haulimwi, haupimwi, na hakuna anayezikwa pale. Mifugo ya huku na ya kule hula pamoja, na anayeuliza mpaka uko wapi huonekana hana malezi. Mzazi akitoka ndani mara ya kwanza, mtoto wake hupandishwa pale kabla hajapelekwa kwa babu yake. Anayepita huja na jiwe kutoka chini mtoni, la mikono miwili, hata kama njia ni ndefu, hata kama ana mzigo mwingine. Wanawake huweka kwanza. Wanaume husubiri nyuma mpaka waitwe, na hawanung'uniki.

Kuna jambo moja zaidi. Ukungu ukishuka, na sauti ikasikika juu kule, watu huinuka. Huacha ugali mezani, huacha pombe kibuyuni. Hawaulizi ni nani wala ni wa nani. Wa Iyumbe hupanda na wa Lugana hupanda, wakakutana katikati, wakatafutana kwa kupapasa. Mara nyingi hukuta ni mchungaji anamwita mbwa wake, au ni ndege, au si kitu kabisa. Basi husimama kidogo hapo kwenye baridi, jasho likiwakauka, kisha hushuka kila mtu kwao. Na hakuna anayemcheka mwenzake.